Ndege wa Southdale na maswali ya shangazi

Julai iliyopita nilikuwa likizo Mbeya. Asubuhi moja nimeketi juu ya gunia la maharage kwenye meza ya shangazi yangu pale soko la Mwanjelwa, nimejifunika kitenge chake, natetemeka. Baridi inayoshuka kutoka Loleza saa moja asubuhi haijali kwamba unatoka Minnesota, jimbo la baridi kali huko Marekani.

"Si ulituambia huko mnaishi ndani ya friji?" Shangazi akacheka, huku akisukuma jiko la mkaa na mguu lije upande wangu.

"Huko baridi tunaiacha nje, shangazi. Humu mnauza nayo."

Akataka kujua Jumamosi huwa nashinda wapi. Nikamjibu ukweli: dukani. Nanunua nini? Sinunui kitu. Aliniangalia kama mtu aliyesomeshwa kwa hasara.

Ilibidi nimweleze. Majira yangu ya kwanza ya baridi kule, kipimajoto kilisoma nyuzi 25 chini ya sifuri. Sikuwa na gari, sikuwa na ndugu. Nikawa napanda basi hadi Southdale, moli (jengo kubwa la maduka mengi) iliyoko Edina, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Minneapolis. Nanunua kikombe kimoja cha kahawa, nakaa kwenye benchi hadi jioni. Asubuhi wazee wa Kizungu huja na raba zao, wanazunguka korido kwa mazoezi kabla maduka hayajafunguliwa. Nilidhani ni moli tu, tena iliyozeeka. Kumbe nilikuwa nimekaa kwa bibi wa moli zote: ya kwanza Marekani kujengwa kwa maduka yote kutazamana ndani, chini ya paa moja, na hewa ya kiyoyozi mwaka mzima.

Ilifunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956, Tanganyika ikiwa bado miaka mitano kabla ya uhuru. Wenye mradi walikuwa familia ya Dayton, wenye duka kubwa katikati ya Minneapolis. Kampuni yao hiyo ndiyo baadaye, mwaka 1962, ilianzisha maduka ya Target. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wateja walikuwa wanahamia vitongojini na magari yao, na duka likaamua kuwafuata. (Si kila mtu aliweza kuhamia. Huko huko Edina kulikuwa na mtaa ambao hati za nyumba zake, tangu miaka ya 1920, zilikataza mtu asiye Mzungu kukaa humo, labda awe mtumishi wa ndani. Mimi leo nashukia basi Edina bila kuulizwa.)

Aliyeichora ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna, aliyezaliwa 1903 na kukimbia mwaka 1938 Hitler alipoinyakua Austria. Mkimbizi, basi. Alichukia barabara za Marekani zenye maduka yaliyojipanga kama meno, kila mtu ndani ya gari lake, hakuna anayemsalimia mwenzake. Akataka kuwapa watu wa kitongoji kitu kama katikati ya mji wa kwao: pa kukaa, pa kuonana. Akaweka ua mkubwa wenye miti, kidimbwi cha samaki na mkahawa, joto likiwa kama nyuzi 24 siku zote, hata nje theluji ifike kiunoni. Na akaweka kizimba kirefu cha ndege, karibu mita 6 na nusu.

"Kizimba cha ndege sokoni? Wa kuuza?"

"Wa kutazama."

"Na kodi ya hicho kizimba analipa nani?"

Nikaendelea. Maduka 72, ghorofa mbili, nafasi za magari 5,200. Maegesho yalipangwa uweze kuingia moja kwa moja ghorofa ya chini au ya juu, ili duka la juu lisikose wateja. Lakini kilichowashangaza watu wa biashara ni kwamba Dayton walimkaribisha mshindani wao mkubwa, duka la Donaldson's, akae ndani ya jengo hilo hilo. Hapo nilitegemea shangazi naye ashangae. Hakushangaa hata kidogo. Akaninyooshea kidole ile safu yao: meza tisa, zote maharage. "Nikienda kuuza peke yangu kule Uyole barabarani, nani atanifuata? Mteja anakuja penye wengi, achague. Akikosa ya njano kwangu, nampeleka kwa mama huyu, kesho naye ananiletea wangu." Mambo ambayo vitabu vya biashara vinayaeleza kwa michoro, yeye anayajua tangu Mwanjelwa ya zamani, ile iliyoungua mwaka 2006.

Mchoro wa Gruen haukuishia kwenye maduka. Eneo lilikuwa ekari 463, na alitaka nyumba, shule, hospitali, bustani na ziwa kuzunguka ule ua. Maduka yakajengwa kwanza. Bei ya ardhi ya pembeni ikapanda, vipande vikauzwa, na mji ule ukabaki kwenye karatasi. Mwaka huo huo wa 1956 msanifu Frank Lloyd Wright alifika, akaiponda: ina ubaya wote wa barabara ya kijijini, haina uzuri wake hata mmoja. Gruen mwenyewe alirudi Vienna mwaka 1968, na miaka kumi baadaye akazikana moli hadharani, akisema hatatoa matunzo kwa watoto wa haramu. Akafa 1980. Mwaka 2014 hatimaye yakafunguliwa maghorofa ya kuishi kwenye kona ya maegesho ya Southdale. Kodi yake siisemi, mama yangu husoma hapa.

Wakati namalizia hayo, mhubiri alikuwa amefungua spika yake karibu na kituo cha bajaji, tukawa tunapigiana kelele. Shangazi akauliza kama na kwetu kule wanahubiri mle ndani. Nikamwambia hapana, mle ni kwa mwenye nyumba. Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua mwaka 1999, katika kesi ya waandamanaji ndani ya Mall of America, moli kubwa zaidi ya jirani, kwamba pale ni mali ya mtu binafsi, na uhuru wa kusema unaolindwa na katiba haumbani mwenye mali.

"Hata huyu angefukuzwa?"

"Huyu asingemaliza zaburi moja."

Akamtazama mhubiri kwa muda, nadhani akipima faida na hasara. Kisha mteja akaja, akamjazia sado ya maharage hadi ikafanya kichuguu, akaongeza konzi mbili juu.

"Na wale ndege?"

"Kile kizimba hakipo tena, shangazi."

"Afadhali. Haya, shuka kwenye gunia langu, hilo nalo limepata mtu."