Bechi Iliyoiva Ndani ya Mashine

Saa nane na ushei za usiku nilifungua mlango wa chini wa mashine, na hakuna kilichoanguka. Kwa kawaida bechi, yaani mpira wote uliochanganywa kwa mkupuo mmoja, hudondoka kwa kishindo kimoja kizito, ikatua juu ya roli mbili zilizo chini, mitungi ya chuma inayozunguka, na jukwaa tunalosimamia likatikisika. Usiku ule nilisikia mkwaruzo, kama mawe yanayogongana ndani ya pipa. Kisha mabonge yakaanza kushuka, moja moja.

Nilikuwa na miezi mitano katika chumba cha kuchanganyia mpira, na ile ndiyo zamu yangu ya kwanza kuachiwa mashine peke yangu.

Mashine yenyewe ni chumba cha chuma kinene chenye rota mbili zinazozunguka kwa kuelekeana, moja ikiizidi nyingine mwendo kidogo. Mpira mbichi, masizi, mafuta na kemikali huingilia juu, kishindilio kinashuka na kuvibana, na rota zinaviponda dhidi ya kuta. Yetu ilikuwa ya lita 270. Huwezi kuijaza pomoni, kwani mpira usipopata nafasi ya kujigeuza hauchanganyiki; kiasi cha robo tatu kinatosha, na hiyo tayari ni zaidi ya kilo mia mbili. Nguvu yote ya mota inaishia kuwa joto ndani ya mpira, ndiyo maana maji ya kupoza hupita ndani ya kuta, na ndani ya rota zenyewe.

Mpira wetu ulipita humo mara mbili. Mara ya kwanza unapokea masizi, na hata joto likifika nyuzi 150 hakuna anayeshtuka. Unatolewa, unapozwa, unalazwa, halafu unarudi kupokea salfa na kichapuzi, kemikali inayoharakisha kuiva. Hapo mambo hubadilika. Salfa ikishaingia, joto ndilo linaloivisha mpira, na mpira ulioiva haurudi kuwa mbichi. Bechi ya mara hii ya pili ilipaswa kutoka ikiwa na nyuzi 105, na kwa kawaida ilifika hapo baada ya dakika mbili hivi.

Usiku ule wenzetu wa mashine ya kusukumia mpira walikuwa wanasubiri mzigo, na mpira pekee wa mara ya kwanza uliokuwa karibu ulikuwa umetolewa jioni. Karatasi zake nje zilikuwa baridi. Nilipopenyeza mkono katikati ya rundo nilisikia vuguvugu. Nikaupokea hivyohivyo.

Kipimajoto kilichochomekwa kwenye ukuta wa chumba kilipanda vizuri hadi 90, kisha kikaanza kujivuta. Dakika mbili zikapita, kinasoma 94. Dakika mbili na nusu, 97. Nakumbuka kabisa nilichowaza: maji leo yanapoza vizuri. Pembeni yake, sindano ya ampea, inayoonyesha umeme ambao mota inavuta, ilikuwa imeshuka kama inavyoshuka siku zote mpira unapolainika. Halafu ikasimama. Halafu ikaanza kupanda. Niliiona ikipanda. Macho yangu yalirudi kwenye namba ya joto, kwa sababu kazi niliyofundishwa ilikuwa kufungua mlango ikifika 105, na haikuwa imefika.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilifungua ikiwa 103.

Mzee aliyekuwa akisimamia roli chini hakupiga kelele. Alizima roli, akachukua kipimajoto cha mkono, kile chenye sindano ndefu, akakichoma katikati ya bonge kubwa lililokwishaanguka. Akaniita, “Kijana, shuka uone.” Kilisoma 134. Lile bonge lilikuwa na ngozi ya kung'aa, na alipolivuta kwa mikono miwili halikunyooka kama unga uliokandwa. Lilikatika punjepunje, na ndani yake kulikuwa na vipande vigumu vilivyoruka vikigonga sakafu.

Nilianza kujieleza kwamba kipimajoto hakikufika. Akanikatiza kwa swali moja, “Sindano ya ampea ilifanyaje?”

Sikuwa na jibu zuri, tukapanda wote juu kutazama karatasi ya kurekodi. Mstari wa buluu ulipanda kishindilio kiliposhuka, ukashuka taratibu, na mwishoni kabisa ukajikunja kwenda juu kama ndoana. Aliifuata ile ndoana kwa ukucha wa kidole gumba, polepole. “Hapa mpira ulikuwa unakwambia umeanza kukaza,” akasema. “Mpira mbichi ukipashwa hulainika, mota ikapumua. Ukiona mota imeanza tena kufanya kazi ngumu na hukuongeza kitu, kuna kitu kinaiva humo ndani.”

Kusafisha kulituchukua muda mrefu kuliko zamu yenyewe ilivyobaki. Umeme ulikatwa na kufungwa kwa kufuli, mlango ukawekewa pini yake ya usalama, na tukang'oa mabaki kwenye rota kwa visu na nyenzo, kipande kwa kipande. Zaidi ya kilo mia mbili za mpira zilienda kwenye taka, na mpira ulioiva na salfa huwezi kuuyeyusha uanze upya. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Alfajiri mafundi walichomoa kipimajoto kutoka ukutani. Ncha yake, inayopaswa kuwa chuma kitupu, ilikuwa imevaa kofia. Mpira ulikuwa umeganda pale, ukaiva, ukaongezeka tabaka juu ya tabaka hadi kufikia unene wa milimita tatu hivi, mweusi, laini kama kokoto ya mtoni. Fundi aliuchanja kwa kisu, ukatoka mzima, na shimo dogo la ncha likabaki ndani yake. Mpira hupitisha joto kwa shida sana. Kwa hiyo ile ncha ilikuwa ikiusikia ukuta uliopozwa na maji kuliko bechi iliyo mbele yake. Hata ikiwa safi, ncha ya ukutani husoma chini ya joto halisi la mpira; kwa kofia ile, ilikuwa imezibwa masikio.

Tulifungua daftari la zamu. Muda wa bechi za mara ya pili ulikuwa ukirefuka kwa sekunde chache chache kwa wiki tatu nzima, mbele ya macho yetu sote. Mpira wa vuguvugu wa usiku ule ulimalizia tu.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1820 Thomas Hancock wa Uingereza alitia vipande vya mpira ndani ya silinda yenye roli la miiba, akitarajia vichanwe. Vilitoka bonge moja la moto lililoshikamana. Mashine yake aliificha kwa jina la kupotosha, akiiita achari. Na Fernley Banbury alipata hataza ya mashine yake mwaka 1916, na mpira ukahama kutoka kwenye roli za wazi kuingia ndani ya chumba kilichofungwa. Tulipata kasi, na vumbi la masizi likapungua hewani. Ila kwenye roli mchanganyaji aliuona mpira wake, akaugusa, akaukata. Ndani ya chumba hatuoni kitu. Tuna joto, ampea, muda, sauti na harufu, na usiku ule vinne kati ya hivyo vitano vilisema kitu kimoja, nami nikakisikiliza cha tano.

Saa moja asubuhi, zamu ikiwa imekwisha, Mzee aliniambia, “Hutaondoka na hii kichwani. Panda.” Ncha ilikuwa safi. Tulipitisha kwanza bechi ya mpira mtupu kufuta chumba, kisha tukaweka mpira uliolala siku nzima, baridi hadi katikati. Kishindilio kikashuka. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye reli ya jukwaa, nikisikia mtetemo, na macho yalikuwa kwenye ampea. Sindano ikapanda, ikashuka, ikaendelea kushuka. Dakika moja na sekunde hamsini na tano, nikafungua.

Jukwaa likatikisika. Mzee akachoma sindano yake katikati ya bechi, akangoja isimame.

“Mia na saba,” akasema, akawasha roli.

Mpira ukajizungushia roli ya mbele, ukang'aa, bila hata punje moja.