Data haipiti njia fupi, inapita njia iliyolipiwa

Mtu akianza kueleza kwamba intaneti “hutafuta njia fupi zaidi”, mimi humkatiza. Kazi yangu ni kuangalia ruta za mpakani, yaani mashine za kuelekeza data zinazounganisha mtandao wetu na mitandao ya wengine, na huko swali la kwanza huwa ni nani anamlipa nani.

Ndani ya mtandao mmoja, sawa, ana haki kusema hivyo. Itifaki (kanuni za mawasiliano ya mashine) kama OSPF huijua ramani yote: kila kiungo kina gharama yake, ruta inapiga hesabu na kushika njia yenye jumla ndogo. Mwenye mali ni mmoja, hana wa kugombana naye. Ukivuka mpaka unaikuta BGP, itifaki ya kati ya mtandao na mtandao, na BGP haina ramani. Inayo maneno ya majirani tu. Jirani anatangaza kwamba anwani fulani anazifikia, na anataja mitandao yote iliyo njiani hadi kwa mwenye anwani, kwa namba. Google ni 15169, Facebook ni 32934. Ruta inaandika, inaongeza namba ya mtandao wake mbele, inawapasha majirani wengine. Ikikuta namba yake tayari imo kwenye orodha, inalitupa tangazo, kwa kuwa huo ni mzunguko.

Sasa tuseme anwani zilezile zimetangazwa na watatu: mteja wetu, mtandao tunaobadilishana nao data bure, na mtoa huduma tunayemlipa. Sisi humpa mteja alama 300, yule wa bure 200, mtoa huduma 100. Alama hizi ruta huzitazama kabla ya kuhesabu urefu wa orodha. Kwa hiyo njia ya mteja, hata ikipita mitandao mitano, inaishinda ya mtoa huduma yenye miwili. Hata huo urefu wenyewe hausemi kitu kuhusu kilomita, maana namba moja inaweza kuwa ya mtandao uliotanda mabara matatu. Ndiyo sababu pakiti, yaani kipande cha data, ya kwenda jengo la pili inaweza kuvuka bahari kwanza. Ruta haijakosea hapo, imetii mkataba.

Itifaki hii ya BGP wahandisi Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 kwenye vikaratasi vya kufutia mikono mezani. Wakati huo waendeshaji wa mitandao walikuwa wachache na wakijuana, na imani ile bado imo ndani yake.

Tarehe 24 Februari 2008 YouTube ilikuwa ikitangaza fungu la anwani 1,024. Pakistan Telecom, katika kutekeleza amri ya kuifunga YouTube nchini mwao, ikatangaza anwani 256 zilizomo ndani ya fungu hilo. Tangazo lilipaswa kubaki ndani. Likatoka hadi kwa mtoa huduma wao, PCCW, naye akalisambaza bila kulichuja. Ruta zina kanuni isiyo na mjadala: fungu dogo hulishinda kubwa, alama ziwe zozote. Data ya YouTube kutoka sehemu kubwa ya dunia ikaelekea Pakistan. Baada ya dakika 80 YouTube nao wakatangaza zilezile 256. Ikawa sare, huku wengine wakirudi na wengine wakibaki kule. Dakika 11 baadaye wakalikata fungu vipande viwili vya 128, ingawa mitandao mingi haipokei kipande kidogo kuliko 256. Mambo yalitulia PCCW walipoyaondoa matangazo yale, saa mbili na kitu tangu yaanze.

Siku hizi tuna RPKI: mwenye anwani anasaini hati inayotaja mtandao wenye ruhusa ya kuzitangaza, na ruta yangu inalinganisha. Naipenda, lakini isisifiwe kupita kiasi. Inathibitisha mwisho wa orodha tu. Mjanja akibandika namba halali mwishoni na yake mbele yake, hati haitamshika. Tangazo linalopingana na hati tunalitupa papo hapo. Lisilo na hati yoyote tunalipokea, tupende tusipende, maana tukiyakataa yote ya aina hiyo wateja watapoteza sehemu kubwa ya intaneti, na simu zitaanza kulia kabla sijamaliza kuandika amri.