Kumbukumbu ya mradi wangu: kupanda Kilimanjaro ndani ya sufuria inayovuja

Jumapili ya kwanza

Mpwa wangu ni mpagazi Mlima Kilimanjaro. Nimemtengenezea kifaa kidogo cha kuonyesha mwinuko: Arduino (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa), kioo cha kusomea na kihisi cha mgandamizo wa hewa cha BMP280. Alipokishika aliniuliza, "Mjomba, nitajuaje kama kinasema kweli?" Ana haki ya kuuliza, maana kule juu ataanza kukitegemea. Nami siwezi kutoka hapa Moshi hadi Kibo kila ninapobadilisha mstari mmoja wa programu. Kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda, nimeamua kuipunguza hewa ndani ya sufuria mpaka kifaa kiamini kiko kileleni.

Sufuria ni ya alumini nzito, upana wa sentimita 24, inaingia lita 12 hivi. Kifuniko ni plastiki ngumu inayoonyesha ndani, unene milimita 20, na chini yake kuna duara la mpira nililokata kwenye tyubu ya gari. Pampu ni kompresa ya friji kuukuu. Fundi friji ndiye aliyetoa gesi. Usikate mabomba mwenyewe, kwa sababu friji nyingi za siku hizi zina gesi inayoshika moto.

Kwa hesabu za angahewa sanifu, yaani hewa ya wastani ya vitabuni, vituo vya njia ya Marangu vinakuwa hivi: Mandara (mita 2,720) ni hektopaskali 726 (kipimo cha mgandamizo), Horombo (3,720) ni 639, Kibo (4,720) ni 561, na kilele cha Uhuru (5,895) ni 479. Hapa nyumbani kihisi kinasoma 918. Kutoka 918 hadi 479, hewa ya nje inakikandamiza kifuniko kwa uzito wa kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji. Ndiyo maana sikutumia kifuniko cha kioo, na watoto hawaingii chumbani nikiwa kazini.

Jumatano

Inavuja. Nilishusha hadi 500, nikafunga bomba, nikaangalia saa: hektopaskali 38 zimerudi kwa dakika moja. Kwa sufuria ya lita 12 hiyo ni kama nusu lita ya hewa ya nje inayoingia kila dakika. Nikapaka grisi kwenye mpira, nikaongeza gundi ya epoksi pale nyaya zinapopita. Hakuna kilichobadilika.

Jumamosi

Nimekipata chanzo cha uvujaji! Nilikibana kifuniko kwa vibanio, nikasukuma hewa kidogo ndani kwa pampu ya baiskeli, kisha nikapaka povu la sabuni kila mahali. Pembeni mwa mpira kimya. Kwenye epoksi kimya. Povu lilitokea kwenye ncha ya waya, nje kabisa, mbali na sufuria. Waya wa nyuzi nyingi una nafasi kati ya nyuzi zake, na hewa inasafiri ndani ya ganda la waya kama maji kwenye mrija. Epoksi yangu ilikuwa imeziba nje ya ganda tu.

Nimemenya ganda kwa sentimita mbili katikati ya kila waya, nikazijaza nyuzi risasi ya kulehemu, kisha nikamimina epoksi juu ya sehemu hiyo. Sasa dakika ya kwanza zinarudi hektopaskali 9, na baadaye 4 kwa dakika. Tofauti hiyo ya 9 na 4 ilinisumbua hadi nilipotazama joto: hewa inayobaki hupoa nyingine ikitolewa kwa haraka, na pampu ikisimama inapata tena joto na mgandamizo wake unapanda. Sehemu ya ule "uvujaji" wa mwanzo ilikuwa joto tu. Tangu leo nasubiri dakika tatu kabla ya kupima.

Wiki ya pili

Zile 4 sikuweza kuzimaliza, na nimeacha kupigana nazo. Kazi ni kuutuliza mgandamizo palepale ninapoutaka, uvujaji uwepo au usiwepo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuwasha na kuzima kompresa kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na programu. Halikufaa. Kianzishio cha kompresa yangu ni kile kinachopata moto wakati inafanya kazi, na lazima kipoe kwanza. Ukiizima na kuiwasha baada ya sekunde kumi, mota inanguruma bila kuzunguka, halafu kinga ya joto inakata umeme. Unaweza kuiunguza hivyo.

Nimegeuza mpango. Kompresa inakaa imewaka muda wote, nami nimeongeza uvujaji wa pili ambao ni wa kwangu: mpira wa dripu ya hospitali pamoja na kile kigurudumu chake cha kupunguza matone, na mbele yake valvu ndogo ya umeme ya volti 12. Kigurudumu kinapanga kiasi, valvu inafunguka kwa sehemu fulani ya kila sekunde mbili. Uvujaji wa sufuria na wa valvu vinajumlishwa, na programu inahitaji tu kujua jumla inatosha au haitoshi.

Programu inapima kosa la sasa, yaani tofauti ya mgandamizo uliopo na ule ninaoutaka, halafu inaongeza limbikizo la makosa yaliyopita. Limbikizo hilo ndilo linaloubeba uvujaji: nikiulegeza mpira wa kifuniko kidogo, lenyewe linapungua taratibu, na valvu inafunguka kidogo kuliko awali. Nilifurahi sana kuliona hilo kwenye mchoro.

Lakini safari ya kutoka 918 hadi 479 inachukua dakika mbili, valvu ikiwa imefungwa kabisa, na muda wote huo limbikizo lilikuwa likizidi kuiamuru ifunge. Tulipofika 479 halikujua kusimama. Tulishuka hadi 441 kabla ya kurudi. Mstari mmoja umetibu: valvu ikiwa imefungwa au kufunguka yote, limbikizo lisibadilike.

Jana usiku

Horombo, dakika 20, haikutoka nje ya hektopaskali 0.6 juu au chini. Kwa mwinuko ule ni mita 7 hivi. BMP280 yenyewe inaruhusiwa kukosea hektopaskali 1, kwa hiyo sufuria sasa imetulia kuliko kifaa ninachokipima.

Limebaki jambo ambalo sufuria haiwezi kunionyesha. Hewa ya ukanda wetu ni ya joto kuliko ile ya hesabu sanifu, na kule Uhuru mgandamizo halisi huwa karibu 500, si 479. Kifaa kikifuata kanuni tupu, kitasoma karibu mita 300 pungufu ya kibao cha kileleni. Lazima niingize joto la hewa kwenye hesabu, na kwa hilo nahitaji namba za mlimani kwenyewe. Mpwa wangu anapanda Jumamosi kwa njia ya Marangu. Nimempa daftari na kalamu ya risasi, aandike mgandamizo na joto asubuhi na jioni katika kila kituo.