Nilivyoachana na lumbesa

Kila niliyemuuliza namna ya kuikwepa lumbesa alinijibu neno moja: "Mama, lumbesa ndiyo soko. Ukibisha utakula viazi vyako mwenyewe." Ushauri huo ulinila misimu mitatu, na hadi leo ukinirudia kichwani nakasirika.

Nalima viazi mviringo Njombe. Lumbesa tunaijua wote: gunia likishajaa, kijana anaongeza ndoo mbili tatu juu, kisha anasuka kilemba cha kamba mpaka linasimama kama kichuguu. Hapo limehesabiwa gunia moja. Mnunuzi anafaidi mara mbili, maana bei anakulipa kwa gunia na ushuru getini anatozwa kwa gunia. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia lizidi kilo 100, lakini shambani mwenye sauti ni mwenye fuso.

Mara ya kwanza nilikataa peke yangu. Dalali hakubishana, alivuka tu mfereji akapakia kwa jirani. Mimi nilikuwa nimeshang'oa. Nikafunika viazi kwa nyasi, lakini siku chache tu vya juu vikaanza kuwa kijani kwa mwanga. Niliviuza kwa bei ya kutupa, tena kwa lumbesa ileile.

Msimu uliofuata nilikodi mizani ya kuning'iniza, nikaita majirani, tukaifunga kwenye mlingoti. Lumbesa ya kwanza ikasoma kilo 138. Mama mmoja akaomba ipimwe tena. Ikasoma 138. Akakaa chini kabisa, akaanza kuhesabu kwa vidole miaka aliyouza hivyo.

Tukakubaliana kaya kumi na moja: hakuna kung'oa mpaka bei ya kilo ipatikane. Majani yakishakauka, kiazi kinavumilia ardhini wiki mbili na zaidi, na ganda linakomaa. Dalali alipokuja akakuta matuta tu, hakuna rundo la kumtishia mtu.

Naye alikuwa na dukuduku lake, na lilikuwa la haki: tulizoea kuficha vidogo na vilivyokatwa na jembe chini ya gunia. Bei ya kilo ilipopatikana tukang'oa, tukajaza magunia, tukamwambia achague lolote. Akaonyesha la katikati kabisa, tukalimwaga lote mbele yake, akavigeuza kimoja kimoja. Safi. Tukafunga magunia ya kilo mia, mdomo sawa, bila kilemba.

Hela ya mizani, elfu kadhaa kwa kila kaya, ilirudi siku ileile.

Msimu huu alipiga simu majani yangali mabichi. Baada ya salamu akauliza, "Mama, kilo mwaka huu mmepangaje?"