Zari hulazwa, haipitishwi

Natanguliza hili la zari, ule uzi wa kutarizia uliozungushiwa madini, kwa sababu ushauri niliopewa ulikuwa kinyume chake, na ulinigharimu wiki mbili na kibunda kizima cha uzi.

Naishi Athens, mtaa wa Kypseli, na kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja mwenye asili ya Mesogeia, vile vijiji vya Attica upande wa mashariki wa jiji. Mimi namwita kiria, yaani bibi kwa heshima, yeye huniita pedi mu, mtoto wangu. Baada ya Krismasi alinifungulia kasha la nguo za harusi za bibi yake. Mjukuu wake wa sekondari alitaka kuzivaa tarehe 25 Machi, siku Wagiriki wanapokumbuka kuanza kwa vita vya uhuru vya 1821 na wanafunzi hupita kwenye gwaride, baadhi yao wakiwa na mavazi ya asili.

Nguo ya ndani ni gauni refu la pamba linaloitwa fundi. Naam, hutamkwa kama fundi wetu wa cherehani, ila kwao ni nguo. Pindo lake limejaa hariri nyekundu, na hakuna mahali palipochorwa kwa kalamu: mtarizi alihesabu nyuzi za kitambaa moja moja. Juu yake huvaliwa siguni, koti la sufu nyeupe lisilo na mikono. Hizo zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni tzako, koti fupi lenye mikono iliyojaa zari. Mkono wa kulia zari ilikuwa inaning'inia, na sehemu yenye ukubwa wa kiganja kimoja imekwisha kabisa.

Nimezaliwa Unguja. Kasabu, tarizi ya zari, nimeiona kwenye majoho ya mabwana harusi tangu utotoni, na kofia za mkono nilishona na shangazi yangu. Nikasema nitaweza.

Muuzaji wa nyuzi karibu na Monastiraki aliniambia, "Ni uzi kama uzi mwingine, chukua tu sindano kubwa." Nikamwamini. Mshono wa kwanza ukakaa vizuri. Wa pili, zari ikaanza kukwaruza kwenye kitambaa. Kufika wa tano, ule utepe mwembamba wa madini uliozungushiwa uzi wa ndani ukateleza ukajikusanya nyuma ya tundu la sindano, na uzi wa njano ukabaki uchi kama muwa uliomenywa. Nikapaka nta, ukamenyeka. Nikakata vipande vifupi, ukamenyeka. Nikapanua tundu kwa sindano nene zaidi, nikaona kitambaa cha miaka mingi kinaanza kuachia, ndipo nikaweka sindano chini na kulia. Haikuwa nguo yangu.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Makumbusho ya Benaki, ambako mavazi kama haya yako nyuma ya vioo. Nilichuchumaa mbele ya mkono mmoja hadi mlinzi akaja kunitazama mara mbili. Niliporudi nyumbani nikamwomba kiria ruhusa ya kufumua bitana kidogo. Nikageuza. Nyuma hapakuwa na dhahabu hata chembe! Vilikuwepo vidoti vidogo tu vya uzi wa kawaida, safu kwa safu.

Basi zari yote imelala juu. Mafundi wa zamani, wanaume walioitwa terzides, walikuwa wakilaza nyuzi juu ya kitambaa na kuzibana kwa mishono midogo ya uzi mwingine. Mimi nililaza mbili mbili, ubavu kwa ubavu, nikazibana kwa hariri ya njano iliyopakwa nta ya nyuki, kila baada ya milimita 3 hivi. Safu inayofuata, mshono uangukie katikati ya mishono miwili ya safu ya kwanza, kama matofali ukutani, la sivyo utaona mifereji. Kitambaa kiwambwe kwenye fremu. Hariri usiivute kwa nguvu, maana itaikata zari kiuno.

Hila ninayojivunia ni ya ncha. Ncha lazima zizame nyuma, lakini ukizitunga kwenye sindano zinamenyeka tena. Nilitunga uzi mgumu uliokunjwa mara mbili, nikaacha kitanzi juu ya kitambaa, nikaingiza ncha ya zari ndani ya kitanzi, kisha nikavuta ghafla. Ikazama sentimita 2 bila kuchubuka. Nilirudia zaidi ya mara 60 na sikuchoka kuitazama ikitokomea.

Zari ya zamani iliyokuwa bado inafaa sikuitupa, niliirudisha mahali pake. Kuna jirani aliyesema niisugue kwa limau ing'ae. Tafadhali msifanye hivyo. Asidi hula madini na huacha doa kwenye kitambaa, na weusi ule ni umri wake. Gharama, pamoja na kile kibunda cha kwanza, kama euro 40 au zaidi kidogo.

Kiria alikuwa akipita nyuma yangu kila jioni akisema "siga-siga," yaani polepole. Usiku wa kuamkia tarehe 25 nikamkabidhi koti. Hakutazama juu kwanza. Aligeuza mkono ndani nje, akapitisha kidole kwenye vidoti vya hariri, safu hadi safu, mpaka kwenye kiwiko. Kisha akavuta mkono wa kushoto karibu na taa, akanionyesha nyuzi mbili zilizolegea.