Mzee wa siti ya dirishani

Jana nimeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) natokea Dar. Jirani yangu, mzee mmoja wa Machame aliyevaa koti zito (na joto lote lile la Dar!), alinipigia stori ya ndege mbili zilizokaribia kugongana, tangu tunapaa. Nikajua ananipiga kamba. Nimefika Majengo, nimetafuta, kumbe kweli tupu.

Tarehe 18 Julai 2025, Minot, North Dakota, Marekani. Embraer 175 ya abiria inajiandaa kutua, rubani anaona B-52, lile dege la mabomu la jeshi, linakatiza njia yake. Akakata kona ya ghafla. Hakuna aliyeumia. Kilichonigusa ni kwamba alishika maiki akawaomba abiria radhi, akawaambia wazi kuwa hakuna aliyemtaarifu kuhusu dege lile, na kwamba mnara wa kuongozea ndege pale hauna rada, wanaongoza kwa macho. Hapa kwetu tungeambiwa "hali ya hewa".

Nikamuuliza, mzee, si ndege zina mitambo ya kuonyana?
"Zinayo mama, lakini inaiona ile iliyowasha transponda tu, kile kifaa cha kutoa ishara kuwa ndege ipo. Mwanajeshi akizima yake, wewe ni kipofu. Tena ukishakaribia chini kabisa, mtambo hauamrishi tena upande au ushuke."

Akaongeza: Washington, tarehe 29 Januari mwaka huohuo wa 2025, helikopta ya jeshi na ndege ya abiria ziligongana kweli. Watu 67 walikufa.

Mzee akamaliza, akalala fofofo. Mimi nikabaki nakodolea macho dirisha lake hadi tunatua, na wala si kwa ajili ya Kibo.