Rada ya ukutani na wazee wa zamu ya usiku

Wengi wetu huku ughaibuni tumeangukia kazi ya kutunza wazee, na aliyezoea zamu ya usiku anaijua adha yake: kila mara unanyata chumbani kuhakikisha mzee anapumua. Ukimulika tochi, kaamka. Ukimshika mkono kutafuta mapigo, kaamka na kashtuka, na kulala tena ni majaliwa. Kwa hiyo vyumba vilipofungwa rada ndogo ukutani, nilishangilia.

Hakuna waya wa kubandika kifuani. Rada inatuma mawimbi hafifu yanayopenya blanketi, yanagonga kifua na kurudi. Kifua kikipanda, safari ya wimbi inafupika, na mashine inasoma tofauti hiyo. Kwa rada za gigahezi 60, urefu wa wimbi ni milimita 5 tu, hivyo kifua kikisogea hata milimita 1 inaonekana waziwazi. Baada ya tetemeko la Nepal mwaka 2015, kifaa cha rada cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kiitwacho FINDER kilinasa mapigo ya moyo ya watu wanne waliofukiwa na vifusi, wakaokolewa.

Hesabu ya pumzi naiamini. Ya moyo, polepole. Moyo unatikisa ngozi kwa sehemu ndogo ya milimita, tena kwenye kifua ambacho chenyewe hakitulii. Halafu pumzi ina mwangwi wake, yaani ishara ndogo zinazojitokeza kwa kasi mara mbili, mara tatu ya pumzi yenyewe: mtu akihema mara 20 kwa dakika, mwangwi wa tatu unaangukia 60, palepale yanapoanzia mapigo ya kawaida ya mtu mzima. Programu ikichanganya, skrini inakuonyesha moyo umetulia, kumbe imehesabu pumzi. Mzee akijigeuza, namba zinaruka. Pazia likipepea nalo linaweza kuivuruga. Namba ya moyo ikinitia shaka naingia na kile kipimo cha kubana kidole, aamke aninunie.

Wakubwa wa kazi wanasema maadamu hakuna kamera, faragha ipo. Hapo sikubaliani nao sana. Rada haioni sura, ila inajua umetoka kitandani saa ngapi, umerudi lini, na usiku gani hukupata usingizi. Bibi mmoja aliniuliza, "Hayo yote anayasoma nani?" Nikamwonyesha ninayoyaona mimi kwenye skrini. Kuhusu yanayokwenda ofisini, nikamwambia amtume mwanawe akaulize, tena kwa maandishi.